Saa janja inasema silali vizuri, niiamini?

Mzigo_Tanga: Wakuu, habari zenu. Napiga zamu ya usiku bandarini. Nalala saa mbili asubuhi, naamka saa nane mchana. Nikiamka tu naangalia saa ya mkononi: usingizi mzito dakika 38, alama 54 kwa 100. Hata kama niliamka mwepesi, basi siku imeharibika. Siku hizi nikijilaza nawaza hiyo alama na usingizi unakata. Hiki kifaa kinapimaje?

Muuguzi_Zamu: Pole kaka. Hiyo saa haiuoni ubongo wako. Inasikia mkono unavyotikisika, na ile taa ya kijani kwa chini inasoma mapigo ya moyo. Mengine inakisia. Usingizi mzito hupimwa kwa nyaya zinazobandikwa kichwani, pembeni ya macho na kidevuni, usiku kucha. Kwa hiyo hizo dakika 38 achana nazo kabisa! Muda wa kulala na kuamka ndio inaukaribia, ingawa ukikaa macho bila kujigeuza itakuhesabu umelala. Kwenye programu yake weka ratiba yako ya mchana, kisha tazama wastani wa wiki mbili tatu, si alama ya leo.

Kinachonitia wasiwasi ni kingine. Saa mbili mpaka saa nane ni saa 6, na mtu mzima anatakiwa apate 7 au zaidi. Hilo hukuhitaji kifaa kulijua.

Dereva_wa_Lori: Mkuu, unakoroma? Mimi saa ilinipa alama za juu kila siku huku nasinzia kwenye usukani. Mke wangu ndiye aliyegundua: nakoroma, pumzi inakata, halafu nashtuka natafuta hewa. Nikaenda hospitali, sasa nalala na mashine ya kusukuma hewa. Muulize unayelala naye kabla ya kuuliza saa.

Mzigo_Tanga: Shemeji yenu anasema sikoromi. Arifa ya alama nimeizima. Tatizo saa nane jirani anawasha mashine ya kusaga, siwezi kuongeza muda hapo. Dada, jioni nikilala tena kwa muda wa saa moja na nusu kabla ya zamu, inafaa?

Muuguzi_Zamu: Inafaa sana, sisi wa zamu wengi tunagawa hivyo. Ila acha kama nusu saa ya kuchangamka kabla hujashika kazi, hasa ukiendesha mitambo. Weka pazia zito, ziba masikio kwa pamba laini za dukani. Na chai ya rangi au kahawa, mwisho saa nane usiku.