Siku 14 nchini Nepal mwezi Oktoba: je, zinatosha kufika kambi ya chini ya Everest?

Swali kutoka kwa Mkoba Mwepesi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi na kaka yangu tunatarajia kwenda Nepal katikati ya mwezi Oktoba, na siku tutakazokaa huko ni 14 tu, tukihesabu ile ya kutua Kathmandu na ile ya kuondoka. Nia yetu ni kutembea kwa miguu hadi kambi ya chini ya Everest, pale wapandaji wanapoanzia safari ya kileleni. Wakala mmoja ametuandalia ratiba ya siku 10 kutoka Lukla, mahali ndege inapotushusha, na kurudi Lukla, yenye siku moja tu ya kupumzika, nayo iko Namche Bazaar, mji ulio njiani.

Kaka yangu ana umri wa miaka 58 na anatumia dawa za shinikizo la damu, ingawa kwa sasa hali yake ni nzuri. Tulikwishapanda Kilimanjaro pamoja kwa njia ya Marangu na hatukupata tatizo kubwa, ndiyo maana wakala anasema ratiba hii haitatushinda. Ningependa kujua kama anasema kweli. Pia naomba maelezo kuhusu viza, vibali, fedha, na kama ni lazima kuwa na mwongozaji.

Jibu la Mzee wa Nyayo

Ndugu Mkoba Mwepesi, miguu yenu sina shaka nayo. Shaka yangu ni kalenda yenu.

Nianze na Lukla. Uwanja ule uko mita 2,860 hivi juu ya usawa wa bahari, njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 527 tu, na imejengwa kwa mteremko, upande mmoja kuna ukuta wa mlima na upande wa pili kuna bonde. Ndege ndogo zinazokwenda huko hutegemea macho ya rubani, kwa hiyo wingu likiziba bonde hakuna ndege inayoruka, hata kama kule Kathmandu jua linawaka. Isitoshe, katika miezi yenye wageni wengi, Oktoba ukiwemo, safari nyingi za Lukla huhamishiwa uwanja wa Manthali ulioko Ramechhap, kiasi cha kilomita 130 kutoka Kathmandu kwa barabara yenye kona nyingi. Mtaamshwa usiku wa manane mpande gari ili mfike uwanjani alfajiri, kisha mkae kusubiri hali ya hewa. Mimi mwenyewe wakati wa kurudi nilikaa Lukla siku mbili nikitazama ukungu, na nilimwona kijana mmoja akilia kwa sababu ndege yake ya kurudi kwao ilikuwa imekwisha kuondoka bila yeye. Ratiba yenu ya siku 10, mkiongeza siku za kufika na kuondoka, inawaachia akiba ya siku mbili tu, au pengine pungufu.

Sasa Kilimanjaro. Ni kweli kilele cha Uhuru, chenye mita 5,895, kiko juu kuliko kambi ya chini ya Everest yenye mita 5,364. Lakini Kilimanjaro mtu hugusa kilele alfajiri, na jioni ya siku hiyohiyo anakuwa ameshuka mbali. Kule Khumbu, yaani eneo la Everest, hukai juu kwa saa chache, unalala juu. Mtalala Dingboche (mita 4,410), kisha Lobuche (mita 4,940), kisha Gorak Shep (mita 5,164), ambako usiku ni mrefu, usingizi ni wa mang'amung'amu, na asubuhi mnatakiwa kutembea tena. Kibanda cha Kibo mlicholala kipo mita 4,720, nanyi mlikitumia kwa nusu ya usiku tu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na wakala anayelinganisha kimo cha juu kabisa bila kulinganisha kimo cha kulala ama hajui kazi yake ama anaijua vizuri mno.

Kanuni inayokubalika na wengi ni kwamba ukishavuka mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne ulale mara mbili katika kimo kilekile. Kutoka Tengboche, kituo cha kabla yake, hadi Dingboche ni mita 550, na kutoka Dingboche hadi Lobuche ni mita 530. Tayari kanuni imepindwa kidogo, na kinachoirudisha sawa ni ile siku ya pili ya kulala Dingboche. Ndiyo hiyo ambayo wakala wenu ameikata.

Jibu la Muuguzi Msafiri

Naunga mkono aliyosema Mzee, nami niongeze upande wa afya, kwa kuwa hapo kwa kaka yako pasichukuliwe kijuujuu.

Shinikizo la damu lililodhibitiwa vizuri si sababu ya kumzuia mtu kwenda mlimani, lakini kupanda juu kunaweza kulipandisha kwa muda, na baadhi ya dawa zake ni za kupunguza maji mwilini. Kwa hiyo amwone daktari wake mapema, amweleze vimo vya kulala, siyo jina la mlima tu. Watu wengi hutumia asetazolamidi, inayojulikana kwa jina la kibiashara la Diamox, mara nyingi miligramu 125 asubuhi na jioni kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Dawa hiyo huusaidia mwili kuzoea hewa haba. Yenyewe huongeza mkojo na huleta ganzi kwenye vidole, na aliyewahi kudhuriwa na dawa za salfa ni lazima amwambie daktari. Mwenye kutumia dawa nyingine za kukojoza asijiandikie mwenyewe.

Maumivu ya kichwa pamoja na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na uchovu usio wa kawaida ni dalili za kwanza za ugonjwa wa mwinuko. Hapo hampandi, mnalala palepale, na hali isipopungua mnashuka. Mgonjwa akianza kupepesuka kama mlevi au kuchanganyikiwa, ubongo umeanza kuvimba. Akihema kwa shida hata akiwa ameketi, huku akikohoa, mapafu yanajaa maji. Katika hali hizo mbili tiba ya kwanza ni kushuka mara moja, hata kama ni usiku, na hakuna kidonge kinachochukua nafasi ya kushuka. Kipimo rahisi ni kumwambia atembee kwenye mstari mnyoofu, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Shirika la Himalayan Rescue Association huwa na zahanati katika kijiji cha Pheriche wakati wa msimu, na madaktari wake hutoa mhadhara wa alasiri kwa wapita njia. Hata asiyeumwa chochote aende akasikilize.

Kuhusu bima, someni maandishi yale madogo. Bima nyingi za safari haziwagusi wanaotembea juu ya mita 3,000 au 4,000. Tafuteni inayotaja mita 6,000 na inayolipia helikopta. Halafu jihadharini na jambo moja: mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza mtandao wa watu waliokuwa wakiwaitia wageni helikopta zisizohitajika ili wagawane fedha za bima. Mtu akiwashinikiza mrudi kwa helikopta kwa sababu ya kichwa kuuma kidogo, pigieni kampuni ya bima kwanza. Anayeumwa kweli, asisubiri.

Jibu la Karani wa Mipaka

Mimi nitajibu ya makaratasi na fedha.

Viza ya utalii hutolewa uwanjani Kathmandu kwa raia wa nchi nyingi. Ya siku 15 ni dola 30 za Marekani, ya siku 30 ni dola 50, na ya siku 90 ni dola 125. Yapo mataifa machache ambayo raia wake hawapati viza wakifika na hulazimika kuiomba ubalozini kabla. Ethiopia na Somalia zimekuwa katika orodha hiyo, basi kila mmoja athibitishe hati yake ya kusafiria kabla ya kukata tiketi. Kwa safari ya siku 14 mtu hushawishika kuchukua ile ya siku 15. Msifanye hivyo. Ukungu wa Lukla aliousimulia Mzee ukiwakamata siku tatu, mtajikuta mmepitisha muda, na tofauti ya bei ni dola 20 tu. Bebeni pia vyeti vya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu Nepal inavitaka kwa wasafiri wanaotoka katika nchi zenye ugonjwa huo. Cheti hicho sasa hakina haja ya kurudiwa kila baada ya miaka 10.

Kwa njia ya Everest mnahitaji kibali cha Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha, ambacho ni rupia 3,000 kabla ya kodi, pamoja na kibali cha halmashauri ya eneo la Khumbu kinachopatikana mkiwa njiani. Kuhusu mwongozaji, tangu tarehe 1 Aprili 2023 bodi ya utalii ya nchi hiyo iliagiza kwamba wageni wanaotembea milimani wawe na mwongozaji mwenye leseni, lakini uongozi wa Khumbu haukuifuata kanuni hiyo kwa upande wake. Kwa maoni yangu, kwa hali ya kaka yako, mchukueni hata pale asipolazimishwa. Na mkichukua mpagazi, ulizeni kama ana bima na kama ana nguo za baridi za kutosha. Wapo wanaopandishwa wakiwa na kandambili miguuni.

Fedha za matumizi ni rupia za Nepal. Namche kuna mashine za kutolea fedha, lakini zikikosa umeme au mtandao hakuna wa kumlalamikia, na juu ya hapo msitegemee mashine yoyote. Kila mnavyopanda, bei nazo zinapanda, maana mzigo hufika kwa mgongo wa mtu au wa mnyama: maji ya moto ya kuoga, kuchaji simu na intaneti, vyote hulipiwa. Chakula cha kutegemewa ni dal bhat, yaani wali na mchuzi wa dengu, ambacho huongezwa bila malipo ya ziada. Nyama juu ya Lukla iacheni. Kuchinja hakuruhusiwi Khumbu, kwa hiyo nyama mnayoiona imesafiri siku kadhaa bila jokofu.

Mengine ni madogo. Saa za Nepal ziko mbele ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 2 na dakika 45, ndiyo, 45, wala simu yenu haitakuwa imeharibika. Jumamosi ndiyo siku ya mapumziko. Sikukuu ya Dashain mara nyingi huangukia Oktoba, na wakati huo ofisi hufungwa na mabasi hujaa, kwa hiyo tazameni tarehe zake za mwaka huo.

Jibu la Njia ya Kusini

Nadhani hakuna aliyewaambia kwamba wanaweza kubadilisha mlima. Kwa siku 14 mimi ningekwenda kambi ya chini ya Annapurna, ambayo iko mita 4,130. Mnatoka Kathmandu hadi Pokhara, kiasi cha kilomita 200, kwa basi la siku nzima au kwa ndege ya nusu saa, kisha mnapanda gari hadi mwanzo wa njia, na siku saba au nane zinatosha kwenda na kurudi bila kukimbizana. Faida kubwa ni kwamba mnarudi kwa barabara: ndege ikikwama, basi lipo. Kibali cha hifadhi ni rupia 3,000, na huku mwongozaji mwenye leseni anatakiwa.

Msidhani tu kwamba Oktoba ni mwezi usio na hatari. Mwaka 2014, katika mwezi huohuo, mabaki ya kimbunga kilichotoka Ghuba ya Bengal yalimwaga theluji nyingi kwenye njia ya mzunguko wa Annapurna, karibu na pito la mlimani la Thorong La, na zaidi ya watu 40 walipoteza maisha. Wengi walinaswa wakiwa njiani kuvuka. Mwongozaji akisema leo hatuendi, msibishane naye.

Mkoba Mwepesi anarudi

Nawashukuru nyote. Nimemsomea kaka yangu majibu haya, naye alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini wakala hakututajia Ramechhap hata mara moja. Tumempigia, akasema eti hilo ni jambo la kawaida. Tumeamua kwenda Annapurna, na viza tutachukua ya siku 30. Miadi ya daktari ni wiki ijayo. Swali moja limebaki: je, mifuko ya kulalia tubebe ya kwetu?

Jibu la Njia ya Kusini

Msibebe. Inakodishwa Pokhara, na nyumba za wageni njiani huwa na mablanketi mazito, ingawa Oktoba hayatoshi kila mtu. Kodini mmoja kila mtu, mjaribu zipu kabla hamjatoka dukani, na mchukue kitambaa chenu cha kutandika ndani. Njiani mkikutana na nyumbu wenye mizigo, simameni upande wa mlima, kamwe si upande wa bonde, na kwenye madaraja ya kuning'inia waacheni wanyama wamalize kuvuka ndipo mpite.