Tupeane uzoefu: Ukiambiwa ubaki na filamu moja tu ya Kurosawa, unabaki na ipi?

Mwenye uzi
Wakuu, salaam. Juzi tumebishana kijiweni mpaka kahawa ikapoa, kisa Akira Kurosawa. Mwongozaji huyu wa filamu, Mjapani, alifariki 1998 akiwa na miaka 88, kaacha filamu 30. Kutaja tano ni rahisi, mtihani ni kubaki na moja. Taja yako na ilivyokunasa. Wale wa "zote kali" wapite kimyakimya.

Naanza. Seven Samurai, 1954. Nilikuwa kidato cha pili, kibanda umiza, na mwenye kibanda aliiweka akidhani ni ya kareti. Dakika 207! Watu walianza kutoka mmojammoja wakidai mia yao, tukabaki wanne. Sote tulijua sheria ya pale: steringi hafi. Sasa wale mashujaa saba wanakufa wanne, na wote wanne kwa risasi. Hakuna hata mmoja aliyezidiwa kwa upanga. Yule bingwa asiyeongea, Kyuzo, anadondoka kwenye tope huku mvua inamwagika, basi, kaisha. Nilirudi nyumbani nimenuna, mama akauliza nani kanipiga.

Binti Makorora
High and Low, 1963. Tajiri wa kiwanda cha viatu, mtekaji anakosea, badala ya mtoto wake anambeba mtoto wa dereva. Alipe afilisike, au amwache mtoto wa mwenzie? Mume wangu anamwendesha bosi mmoja hapa mjini. Ilipofika pale dereva anapiga magoti kwa tajiri, baba watoto aliinuka akaenda kusimama barazani, hakusema kitu. Alirudi wakati wa ule moshi wa waridi. Filamu nzima nyeusi na nyeupe, halafu ghafla moshi una rangi! Nikamwambia umekosa utamu. Akasema haidhuru.

Kobe Mkavu
Throne of Blood, 1957. Ni Macbeth wa Shakespeare kavishwa mavazi ya kisamurai. Mishale ile ya mwisho walirusha wapiga mishale kweli, na Mifune, mwigizaji mkuu, kasimama palepale. Ule uso haukuwa wa kuigiza, mniambie nini.

Mjukuu wa Mrina
Dersu Uzala, 1975, aliyoipigia Urusi enzi za Wasovieti. Mwindaji mzee anaondoka kwenye kibanda cha porini, anaomba ziachwe chumvi, kiberiti na mchele. Si kwamba atarudi. Ni vya atakayepita.

Babu yangu alikuwa mrina asali, Sikonge. Kila akivunja kambi aliacha chumvi kwenye kopo, akalitundika juu mchwa wasilifikie. Nilipomuuliza ni ya nani, alinitazama kama nimeuliza jua ni la nani. Macho yalipoanza kumwishia tukamleta mjini. Dersu naye macho yanamwisha, analetwa mjini, anamjia juu muuza maji: maji unauzaje? Babu aligomba hivyohivyo na kijana wa mkokoteni, aibu ilikuwa yangu. Sijaimalizia mpaka leo. Nimeshaambiwa mwisho wake, sitaki kuuona.

Mstaafu
Ikiru, 1952. Nilikuwa karani wa masjala, ofisi siitaji. Inaanza na picha ya eksirei, tumbo lina saratani. Mwenye tumbo hajui, yuko mezani anagonga mihuri. Wanakuja akina mama, wanataka dimbwi la maji machafu likaushwe watoto wapate pa kuchezea. Nenda dirisha lile. Nenda afya. Nenda mipango miji. Wanazungushwa wee, mpaka wanarudi dirisha la kwanza. Mwanangu alicheka sana. Mimi nilishindwa, maana hayo maneno nimeyasema kwa mdomo wangu huu.

Kuna mahali bwana yule anafungua droo, anatoa andiko lake mwenyewe la zamani, la kuboresha utendaji ofisini. Anachana karatasi, anafutia muhuri. Nikasimamisha filamu, nikaenda kunywa maji. Kuna faili lilinijia.

Mwenye uzi
Shikamoo mzee. Faili la nini?

Mstaafu
Marahaba. La bomba la maji. Mtaa mzima ulisaini, wengine kwa dole gumba. Lilikaa kwenye trei yangu miaka miwili.