Naomba ushauri: nianzie wapi katika ikolojia ya bahari na uhifadhi wa viumbe walio hatarini?

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni kijana wa Likoni, na mwaka jana nilihitimu shahada ya biolojia. Nimekua nikimwona baba akirudi na jarife (wavu mkubwa wa kuvulia) lenye kasa aliyekufa kwa kukosa pumzi, kwani kasa hana budi kupanda juu kuvuta hewa, na huzuni ile ndiyo iliyonielekeza huku. Napenda zaidi kushughulikia ng'amba (aina ya kasa) na nguva (mnyama mkubwa wa baharini anyonyeshaye). Nguva wa Afrika Mashariki waliorodheshwa mwaka 2022 kuwa katika hatari kubwa mno ya kutoweka, na chakula chao, nyasi za bahari, huharibiwa na nyavu za kukokota.

Je, nitangulize shahada ya uzamili, au nijitolee kwanza katika mradi wa wanakijiji ili nipate uzoefu wa kazini? Nilijaribu kuomba nafasi katika ofisi moja nikaambiwa sina cheti cha kupiga mbizi, ambacho gharama yake kwangu ni nzito. Tena, aliyeingia Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi hapa Mombasa, tafadhali anieleze alivyoanza, na kama ujuzi wa takwimu na ramani ulimfaa kuliko kupiga mbizi.