Mchango wa mgonjwa na mchango wa utafiti: tuliyojifunza wodini

Ndugu zangu,

Nawasalimu nyote. Mdogo wetu wa Coventry ameuliza kama tuanze kuchanga fedha za matibabu kwa ajili ya mtoto aliyelazwa wiki mbili zilizopita. Naomba nieleze yaliyotupata sisi, kwa sababu miaka minne iliyopita, mwanangu alipopata saratani, mchango kama huo ulifanywa kwa ajili yetu.

Mwanangu alikuwa na miaka mitano alipoanza kulalamikia miguu. Daktari wa mtaani alisema ni maumivu ya kukua, tukarudi na dawa ya kutuliza. Siku kumi na mbili baadaye, nikimwogesha, niliona mgongoni mwake madoa ya damu kuvilia ambayo hakuna mchezo wala kuanguka kulikoyasababisha. Usiku ule ule kipimo kilionyesha lukemia, yaani saratani ya damu, ya aina iitwayo ALL, ambayo huwapata watoto zaidi kuliko saratani nyingine yoyote.

Ndugu walikusanya fedha kwa siku tatu, kama ilivyo ada yetu, wakidhani hospitali inadai. Haikudai chochote. Mtoto mkazi wa Uingereza hutibiwa na NHS, huduma ya afya ya umma, na aliyekuja kwa viza ya muda mrefu kwa kawaida huwa ameshalipiwa ada ya afya wakati wa kuomba viza. Kilichotukaba ni mambo ya pembeni: mume wangu kupunguza zamu, maegesho ya gari, kupasha nyumba joto mchana kutwa, na chakula, maana wiki za dexamethasone, dawa ya steroidi inayoongeza njaa, mtoto aliniamsha saa nane usiku akitaka ugali na maharage, akamaliza sahani, akadai nyingine. Anayetaka kuisaidia familia ile apeleke chakula kilichopikwa siku hiyo hiyo, asiende akiwa na mafua, na akubali kuamshwa usiku aje kukaa na watoto wengine, kwani sisi tuliagizwa kwamba joto likifika nyuzi 38 tupige simu wodini papo hapo bila kungoja kuche.

DLA, posho ya serikali kwa watoto wenye ulemavu au ugonjwa mzito, ni haki ya watoto wengi walio katika hali hii, lakini mwenye viza inayokataza kutumia fedha za umma asijaze fomu hiyo kabla ya kumwona mshauri wa uhamiaji mwenye leseni.

Sasa nije kwenye utafiti. Wiki ya kwanza tuliletewa fomu ya ridhaa, na mume wangu alikataa siku nzima, akisema mwanawe si panya wa maabara. Daktari hakubishana naye. Alimweleza juu ya jaribio la UKALL 2003, ambalo lilipima chembe za lukemia zilizosalia baada ya mwezi wa kwanza wa tiba, likaonyesha kwamba watoto ambao chembe hizo hazionekani tena wanaweza kupewa awamu moja ya dawa kali badala ya mbili, na uponyaji usipungue. Maana yake ni kwamba familia za watu tusiowajua zilitia saini, na mwanangu akapunguziwa sumu ya dawa. Mume wangu alitia saini jioni. Dawa mojawapo, vincristine, hutokana na ua la asili ya Madagaska ambalo shangazi yangu kule Tanga amelipanda mlangoni kwa urembo tu.

Salio la mchango wetu tulilipeleka kwenye utafiti wa saratani za watoto, na hapo tulikosea jambo moja. Mlipa kodi akitoa pauni 100 kwa shirika lililosajiliwa na akajaza tamko la Gift Aid, shirika hudai pauni 25 zaidi serikalini. Sisi fedha zote zilipitia akaunti ya mweka hazina, naye hakuweza kutoa tamko kwa fedha zisizo zake, kwa hiyo nyongeza yote ikapotea. Safari hii kila mtu atoe moja kwa moja, kwa jina lake.

Wenu, mama wa Leicester

—

Shikamoo dada. Ahsante kwa maelezo. Je, sehemu ya mchango inaweza kwenda nyumbani? Na picha ya mtoto tuiweke kwenye tangazo?

—

Marahaba mdogo wangu. Nyumbani inawezekana, na binafsi naona huko ndiko pauni moja hufika mbali zaidi. Shirika la Tumaini la Maisha, linalofanya kazi na Hospitali ya Muhimbili, husaidia watoto wenye saratani watibiwe bila malipo. Shirika la Afya Duniani (WHO) lenyewe linakiri kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto hawa hupona, ilhali katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ni chini ya asilimia 30.

Picha msiiweke. Nimezungumza na mama yake jana na hataki. Amesema chapati zinapokelewa, ila mchuzi usitiwe pilipili wala ndimu, kwa sababu mtoto ameanza kupata vidonda mdomoni.