PS2 nene, PS2 nyembamba au Dreamcast: ipi ya kuweka sebuleni?

Mwana wa Ng'ambo
Assalaam alaykum. Nimepata vijisenti, nataka mashine ya gemu ya zamani nicheze na wanangu nyumbani. Hizi za kisasa kila saa zinadai bando. Nimeona tatu: PS2 (PlayStation 2 ya Sony) nene kwenye duka la mitumba pale Darajani hapa Unguja, PS2 nyembamba ya jirani yangu, na Dreamcast, mashine ya Sega, ambayo shemeji yangu kaiona Muscat kwa bei ya chee. Roho inanivuta kwenye PS2. Utotoni pesa zetu za sikukuu ziliishia banda la gemu, na siku za kawaida mtu anatoka chuoni, juzuu kwapani, kofia anaitia mfukoni, anazama. Lakini sitaki kununua kwa mapenzi matupu. Nishaurini.

Fundi Michenzani
Wa alaykum salaam. Chukua nene. Gemu ni zile zile kwenye zote mbili, tatizo la huku kwetu ni lenzi. Chumvi ya bahari na vumbi havina dogo. Mashine nyingi ninazoletewa zinawaka vizuri, taa ya kijani hiyo, halafu kioo kinageuka chekundu chote na maandishi ya kukutaka utie diski ya PlayStation. Na diski imo ndani!

Nene ina nafasi ya hard disk kwa nyuma. Unatafuta ile adapta yake ya mtandao, unapachika hard disk ya kompyuta za zamani, unatia memori kadi yenye Free McBoot, programu ya kuifungua mashine iendeshe programu nyingine, unafungua Open PS2 Loader, programu ya kuchezea gemu bila diski, gemu zako zote zimo humo. Lenzi ikifa, ife. Nyembamba ilipotoka 2004 nafasi hiyo ikaondolewa.

Ila geuza mashine usome nyuma kabla hujatoa pesa. Nene za Japani zimeandikwa volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu, utasikia harufu tu.

Mpemba wa Wete
Yakhe fundi, nyembamba unaionea. Ina tundu la waya wa mtandao tayari, hununui adapta. Mimi gemu zangu zimo kwenye laptopu, nimevuta waya mmoja mpaka kwenye PS2, nacheza bila diski. Flashi sikushauri, USB yake ni ya kizamani, video zinakwamakwama. Na chaja yake iko nje: umeme ukirudi kwa kishindo inaungua chaja, mashine inabaki salama. Isipokuwa ukikuta toleo lililoandikwa namba 90000, hiyo chaja imeingizwa ndani, na baadhi ya zile za mwisho hazikubali Free McBoot kabisa.

Bint Mkunazini
Nyote mmeiruka Dreamcast kama haikutajwa. Mwenzenu kakulia kwa shangazi yake Dubai, nilikuwa nayo. Matundu manne ya pedi, watoto wote wanacheza pamoja. PS2 ina mawili, la sivyo ukanunue kigawanyio. Ukiiunga kwa VGA, ule waya wa kioo cha kompyuta, picha inang'aa, mistari hakuna. Na memori kadi yake ina kioo chake kidogo, inakaa ndani ya pedi, unaweza kuichomoa ukaenda nayo. Betri zikiisha, kila ukiwasha inakupigia piiiii! Mama alikuwa anajua nimeamka usiku kucheza kwa mlio huo huo. Sega waliiua 2001, haijatimiza hata miaka miwili Marekani, na mpaka leo naona walifanya haraka.

Fundi Michenzani
Dada, uzuri wake sikatai. Lakini EA, wenye gemu ya mpira ya FIFA, hawakuitengenezea gemu hata moja, kwa hiyo FIFA hakuna. Winning Eleven, ile gemu nyingine ya mpira, nayo hakuna. Utamwambia nini mtoto wa Ng'ambo?

Bint Mkunazini
Nitamwambia dunia si mpira tu. 😂

Mwana wa Ng'ambo
Hapo dada umenikosa. Bila Winning mimi simo. Hii PS2 wameiacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, na mwishoni mwa mwaka huo huo PES 2014, Winning hiyo hiyo kwa jina jingine, ikaitokea bado! Mashine imeshasimamishwa na watu wanaitolea gemu. Zaidi ya milioni 150 ziliuzwa, ndiyo maana hata kijijini ukikosa memori kadi jirani anayo.

Na ile skrini ya kuwashia, minara inayosimama gizani. Kaka yangu alinionesha kwamba minara inaongezeka kadiri unavyocheza gemu, kadi inaweka kumbukumbu. Tukawa tunashindana nani ana mji mkubwa.

Mpemba wa Wete
Minara yenu si ililala Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kebo ya umeme ya chini ya bahari ilipokufa Unguja nzima kiza? Sisi Pemba tulikuwa na majenereta yetu, binamu zangu wakavuka bahari kuja kucheza. Walijifanya wamekuja kusalimia bibi.

Mwana wa Ng'ambo
Usinikumbushe. Banda letu lilikuwa na jenereta, bei ya dakika kumi ikapanda na foleni haikupungua.

Basi nimeelewa. Naenda na nene. TV yangu ni bapa, itasumbua?

Fundi Michenzani
Vile vigeuzi vya HDMI vya bei rahisi vinafanya kazi, ila picha inachelewa kidogo, kwenye penalti utaona. Ukipata TV ya chogo ichukue, wenzio wanazitupa. Dukani mwambie akuwashie na diski mbili, moja ya CD na moja ya DVD, maana lenzi huweza kusoma moja ikakataa nyingine. Pedi zungusha vijiti vyote viwili, ukiona mchezaji anatembea mwenyewe, punguza bei. Adapta ya mtandao niulize mimi, ninazo mbili, moja ina kutu kwenye pini lakini inasafishika.

Bint Mkunazini
Shemeji wa Muscat namba yake inapatikana? Hiyo Dreamcast isipotee bure.