Ala gani ina sauti laini kuliko zote?

Mkazi wa Chang'ombe, Dodoma: Shikamooni wakubwa. Baba yangu anaumwa, usingizi wa usiku umekuwa shida. Redio inamkera, gitaa anasema lina makelele. Nataka mdogo wangu ajifunze ala ya kumpigia jioni. Ipi inatuliza?

Mzee wa Mvumi: Marahaba mwanangu. Mtafutie ilimba, usihangaike na kingine. Ubao wenye uwazi ndani, vyuma juu, dole gumba linagusa tu. Kwenye matundu ya ubao hubandikwa utando wa buibui, ndio unaoleta ule mvumo wa chini. Na kwenye ilimba kubwa vyuma vingine havipigwi kabisa. Vinaitikia vyenyewe jirani zao wakiguswa. Msikilizishe kwanza marehemu Hukwe Zawose, mpigaji ilimba, Mgogo mwenzetu aliyefariki 2003. Mdogo wako apige taratibu, asiimbe kwa nguvu.

Binti Kondoa: Zeze je? Mimi nalipenda mno.

Mzee wa Mvumi: Zeze ni tamu, ila upinde ukisugua nyuzi sauti inalia. Kwa mgonjwa mie naona huzuni inazidi. Mchana sawa.

Mkazi wa Chang'ombe: Asante sana mzee. Kalimba za dukani, zile ndogo za kupigwa kwa vidole gumba, zinafaa?

Mzee wa Mvumi: Kwa kuanzia zinafaa, vidole vizoee. Lakini sauti yake ni kavu, haina ule mvumo. Kama baba ni Mgogo, ataujua mara moja. Mpe pole.