Klabu ya basketi ya kusafiri: ndo njia ya kufika chuo au tunapigwa hela?

BabaGadi
Wakuu habari zenu. Tupo Marekani, kijana wangu yuko darasa la kumi, anacheza pointi gadi (anayeongoza mpira na kupanga mashambulizi) timu ya shule na yuko vizuri, sisemi kwa kuwa ni wangu. Sasa kuna klabu ya AAU (chama cha michezo ya vijana nje ya shule) inamtaka kwenye timu yao ya kusafiri, ada ni maelfu ya dola na hoteli na ndege bado juu yetu. Kochi wao anasema bila klabu hakuna chuo kitakachomuona. Mke wangu anasema hela hiyo iwekwe kwenye karo ya chuo yaishe. Timu ya shule haitoshi kweli? Na mbona kila mtu anaongelea D1 tu, ile ngazi ya juu ya michezo ya vyuo? Naombeni ukweli, msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

KochiWaJioni
Hajakudanganya ila kakupa nusu ya habari mkuu. Shida ni kalenda. Kijana akiwa anacheza mechi za shule januari, makochi wa vyuo nao wako katikati ya msimu wao, kutoka ni kwa kuibia. Ndo maana wikiendi za aprili na julai ambazo NCAA (chama kikuu cha michezo ya vyuo) imewaruhusu kwenda kuangalia vijana wanazitumia kwenye mashindano ya klabu, wanaingia ukumbi mmoja wenye viwanja kibao vinachezwa kwa pamoja wanaona vijana mia kwa siku moja.

Ila sasa klabu gani? Juu kabisa kuna ligi za kampuni za viatu, EYBL ya Nike, 3SSB ya Adidas na ile ya Under Armour. Peach Jam ya Nike pale North Augusta, South Carolina, ndo kila kochi mkubwa anaenda. Huko juu mara nyingi kampuni ndo inabeba gharama. Kwa hiyo ukiona unadaiwa maelfu afu unaambiwa "tuko sakiti", yaani kwenye ligi hizo, uliza sakiti ipi, na vijana wao wa mwaka jana wako vyuo gani kwa majina. Akianza kuzunguka zunguka jibu umeshapata. Halafu klabu moja inaweza kuwa na timu tatu za umri uleule, jezi ileile, na wanaofuatwa na makochi ni wa timu ya kwanza. Uliza atakuwa timu ipi na atacheza dakika ngapi, maana gadi wa benchi hata video hana.

mama_wawili
Hilo la D1 ndo linatutesa wazazi. Takwimu za NCAA wenyewe: wavulana wanaocheza haiskuli ni zaidi ya laki 5, wanaofika NCAA ngazi yoyote ni kama 3.5 kwa mia, D1 ni kama 1 kwa mia. Binti yangu yuko D3, ngazi ya tatu. D3 hawatoi skolashipu ya michezo hata senti, ni sheria, lakini chuo kimempa msaada kwa ajili ya maksi zake na kipato chetu na sasa tunalipa kidogo kuliko chuo cha jimbo. D2 na NAIA (chama kingine cha michezo ya vyuo) wanatoa, mara nyingi vipande vipande. Na vyuo vya miaka miwili usividharau, Jimmy Butler alianzia Tyler Junior College. Duncan Robinson yeye alianza chuo cha Williams, D3 kabisa, akahamia Michigan ndo akafika NBA.

Shule sasa baba. D1 wanataka masomo 16 ya msingi na wastani wa 2.3 kati ya 4, na 10 kati ya hayo yawe yameisha kabla ya darasa la kumi na mbili. Ukifeli moja kati ya hizo kumi huwezi kurudia baadaye kupandisha maksi zihesabiwe. Nenda kwa mshauri wa shule wiki hii, hilo halina ada.

mtupaji3
Mbona Hasheem Thabeet alitoka Dar akaenda chuo cha UConn akachaguliwa namba 2 kwenye drafti ya NBA mwaka 2009? Kipaji kitaonekana tu.

KochiWaJioni
@mtupaji3 Thabeet ana futi 7 na inchi 3, huyo hata akikaa nyumbani watamgongea mlango 😂 mwenye uzi anaongelea gadi.

zamani_JUCO
Niongezee, kuna jambo limebadilika na wazazi wengi hawalijui. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo akacheza palepale, na 2024 wakaondoa hata kikomo cha kuhama mara moja, kwa hiyo kochi wa D1 akitaka gadi anaingia potali (orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama) anachukua mtu mzima wa miaka 22 aliyeshakomaa kuliko kumlea dogo wa haiskuli, na wale ambao zamani wangeenda D1 ndogo wanasukumwa D2, wa D2 wanasukumwa chini. Dogo aandike imeili mwenyewe kwa makochi wa ngazi zote, YEYE sio baba yake, aweke na video ya mechi nzima sio madanki tu. Na makochi wa D1 wa basketi ya wanaume hawaruhusiwi kuwasiliana naye hadi juni 15 baada ya darasa la kumi, kwa hiyo wakinyamaza sasa msikate tamaa.

BabaGadi
Asanteni sana. Nimemuuliza kochi timu ipi, kasema tutajua baada ya majaribio, ila malipo ya awali anataka kabla ya ijumaa.

mama_wawili
Malipo kabla ya majaribio?? Baba kaa na hela yako. Tafuta klabu ya karibu ambayo julai inacheza mashindano yenye kibali cha NCAA, makochi wa D1 hawaruhusiwi kwenda kwenye yasiyo na kibali, na muulize dogo kama atakuwa anaanza au anakaa.

zamani_JUCO
+1, na risiti uandikiwe.